Kadogo, Hatia na Neno la Msamaha

Jina la askari mtoto linalojulikana kuliko yote katika ukanda wetu ni la Kiswahili: kadogo. Lilisikika katika jeshi la msituni la NRA, lililoingia Kampala Januari 1986 na ambalo lilitumia Kiswahili kama lugha ya amri. Miaka kumi baadaye likasikika Kongo, pamoja na vijana wadogo waliotembea na majeshi ya AFDL ya Laurent-Désiré Kabila kutoka mashariki hadi Kinshasa, mwaka 1996 na 1997. Si Kiswahili cha vitabuni. Hiyo ka- ya mwanzo ni udogishi wa Kiswahili cha bara, na mara nyingi hubeba mapenzi: ndivyo mama anavyoweza kumwita kitindamimba wake. Ndiyo maana neno lilifaa sana kambini. Lilimfanya mtoto mwenye bunduki aonekane mdogo wa ukoo, anayetumwa maji na kutaniwa na kaka zake, na likaficha kwamba alitumwa pia kuua.

Tunaanza na neno hilo kwa sababu lina kasoro ambayo tumeikuta katika kazi nyingi zinazosimulia habari za watoto hawa. Kila msimulizi hukuta mbele yake mtoto aliyetendewa uovu na aliyetenda uovu, na kila msimulizi hushawishika kuchagua nusu moja. Katika insha hii tunapima kazi tatu zilizosafiri mbali: filamu moja, riwaya moja na hukumu moja ya mahakama. Hatupimi ufundi wake peke yake. Sisi tunaofundisha wachungaji wa kesho katika chuo cha theolojia tuna swali letu mahususi: je, kazi hii inamwachia mtoto huyu mahali ambapo anaweza kusamehewa? Ni swali la shughuli zetu za kila siku. Tangu 1996 kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma imepokea watu waliokimbia vita vya mashariki ya Kongo, vita vilevile ambamo kadogo waliandikishwa. Mchungaji wa mpakani hana hakika kwamba kijana anayekaa benchi la nyuma hajawahi kushika bunduki.

Tuanze na filamu. Tarehe 5 Machi 2012 shirika la Kimarekani liitwalo Invisible Children lilitoa filamu ya nusu saa iliyoitwa Kony 2012, na kwa muda wa siku sita ilikuwa imetazamwa zaidi ya mara milioni mia moja katika intaneti. Ilimhusu Joseph Kony, kiongozi wa Jeshi la Upinzani la Bwana, LRA, lililoteka watoto kaskazini mwa Uganda tangu miaka ya themanini. Hesabu za waliotekwa hutofautiana, ila zote huenda kwa makumi ya maelfu. Tuitendee filamu haki kabla ya kuilaumu. Iliwafikia vijana wa mataifa ya mbali ambao hawakuwa wamewahi kusikia jina la Gulu. Iliwafanya waone kwamba mtoto wa Kiacholi ni mtoto kama wao. Hasira yake ilikuwa ya haki.

Kasoro yake ni namna ilivyoigawa hatia. Msimulizi, ambaye ndiye mwongozaji, anakaa na mwanawe mdogo na kumweleza vita kwa picha mbili: huyu ndiye mtu mbaya, hawa ndio watoto wanaoteseka. Mtoto wa miaka mitano anaelewa, na mtazamaji anaalikwa aelewe vivyo hivyo. Dhambi yote imewekwa katika uso mmoja, uso huo ukachapwa kwenye mabango, na wokovu ukawa ni kumkamata mwenye uso huo. Kwamba LRA ilikuwa imeondoka Uganda tangu miaka ya 2005 na 2006 na kuhamia misitu ya Kongo na nchi jirani, filamu iligusia kwa haraka mno. Kwamba jeshi hilo lilikuwa na makamanda ambao wenyewe walitekwa wakiwa watoto, filamu haikuwa na nafasi ya kulisema. Angelisema, picha mbili zingechanganyika.

Siku nane baadaye, Jumanne tarehe 13 Machi, shirika la Kiganda lililowahudumia wahanga liliionyesha filamu hiyo katika uwanja wa wazi mjini Lira. Walikuja maelfu, wengine wakitembea au kuendesha baiskeli kutoka mbali, wakiwamo watu waliokatwa viungo na waliopoteza watoto. Walitarajia kujiona. Walichokiona ni mwongozaji, mwanawe, na jina la mtesi wao likiuzwa katika bangili na fulana. Onyesho liliisha kwa zogo na mawe, na maonyesho mengine yakasitishwa. Kwetu sisi, huo ndio uhakiki bora uliowahi kufanyiwa filamu hiyo, na uliandikwa na watu ambao wengi wao hawakuwa na kalamu. Mtu aliyekatwa midomo hakuhitaji kuambiwa kwamba Kony ni mbaya. Alihitaji kujua nani atazungumza naye juu ya kijana wa jirani aliyelishika lile panga.

Kesho yake, tarehe 14 Machi 2012, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilitoa hukumu yake ya kwanza kabisa tangu kuanzishwa. Thomas Lubanga wa Ituri, Kongo, alikutwa na hatia ya kuandikisha watoto wa chini ya miaka 15 na kuwatumia vitani mwaka 2002 na 2003. Baadaye alipewa kifungo cha miaka 14. Dunia iliyotazama filamu haikuwa na muda na hukumu hiyo. Walakini ndani yake mlikuwamo jambo zito: majaji walikataa kumfanya mtoto mshirika wa kosa kwa kuwa eti alijiunga kwa hiari. Mtoto wa umri huo, ambaye kijiji chake kimechomwa na ambaye kambi ndiyo yenye chakula, hana hiari ya kuitwa hiari. Sheria ilisema wazi ni nani mwenye kosa: mtu mzima aliyempa bunduki.

Hapo sheria ilikuwa imefika kwa safari ndefu. Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989 uliweka miaka 15 kuwa kiwango cha chini cha kwenda vitani. Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto wa 1990 ukakataa kiwango hicho na kutaka miaka 18. Ripoti ya Graça Machel kwa Umoja wa Mataifa mwaka 1996 ilieleza kwa kirefu jinsi vita vipya vinavyowameza watoto, na Itifaki ya Hiari ya mwaka 2000, iliyoanza kutumika tarehe 12 Februari 2002, ikapandisha kiwango cha dunia. Kanuni za Paris za 2007 zikaongeza kwamba mtoto anayetuhumiwa makosa aliyoyatenda akiwa katika kundi la silaha atazamwe kwanza kama mhanga. Kila hatua katika hizo tunaiunga mkono. Mlutheri anajua kwamba utawala wa dunia hii ni kazi ya Mungu pia, na kwamba hakimu anayemlinda mtoto anamtumikia Mungu hata kama hajui.

Lakini mtoto mwenyewe anasema nini? Hapa tunakuja kwenye riwaya.

Beasts of No Nation ya Uzodinma Iweala ilitoka mwaka 2005. Mwaka 2015 ilifanywa filamu na Cary Joji Fukunaga, iliyopigwa nchini Ghana, lakini sisi tunabaki na kitabu. Nchi ya hadithi haina jina. Iko Afrika Magharibi. Msimulizi ni mvulana aitwaye Agu, mtoto wa mwalimu, aliyependa shule na aliyekuwa akisomewa hadithi za Biblia na mama yake. Vita vinamtenga na wazazi. Kundi la wapiganaji linamkuta, na kiongozi wao, ambaye hana jina ila cheo, anamshika mkono wenye panga na kuushusha juu ya mtu aliyepiga magoti. Ukurasa huo ni mgumu kusomeka, na unastahili kuwa mgumu. Mkono ni wa nani? Ni wa Agu. Nguvu ni ya nani? Ni ya Kamanda, mara ya kwanza. Iweala hatuachii mwanya wa kukimbia: pigo la pili na la tatu halina tena mkono wa mkubwa juu yake.

Kinachotutuliza katika kitabu hiki, kama wasomaji wa imani, ni kwamba mwandishi amemwachia Agu kujijadili mwenyewe. Mtoto anashindana na dhamiri yake kama mtu anayeshindana na malaria. Anajiambia kwamba yeye si mtoto mbaya, kwamba askari kazi yake ni kuua, na kwamba akiua anafanya kazi yake tu. Tunamsikia akijitetea, na tunasikia utetezi haumtoshi. Hakuna aliyemshtaki. Hakuna hakimu katika kitabu. Shtaka linatoka ndani.

Halafu unakuja mwisho, ambao kwetu ndio kiini cha kazi nzima. Agu yuko katika kituo cha kuwatunza watoto waliotoka vitani. Anakula, analala, ana nguo. Kuna kasisi anayewaambia watoto maneno makubwa ya dini, na maneno hayo yanapita juu ya kichwa chake. Kuna pia mwanamke kutoka Marekani ambaye kazi yake ni kumsikiliza. Anaketi na kungoja aseme. Agu anamwonea huruma. Anajua kwamba akisema yote, mwanamke yule atamwona kuwa mnyama au shetani. Anakubali kwamba yeye ni hayo yote. Kisha anaongeza kwamba aliwahi kuwa na mama, na mama huyo alimpenda.

Wahakiki wengi wameusoma mwisho huo kama kilio cha mhanga anayedai utoto wake. Sisi tunausoma kama ungamo lililokosa wa kulipokea. Agu hakusema kwamba hakufanya. Alisema amefanya, akatafuta mahali pa kusimama ili aweze kulibeba neno hilo, na mahali pekee alipopapata ni kumbukumbu ya kupendwa. Mwenye kusikiliza alikuwa mwema, alikuwa mvumilivu, alikuwa amesomea kazi yake. Lakini angeweza kumwambia nini? Angemwambia, kama tunavyowaambia watoto wa namna hii mara nyingi, kwamba halikuwa kosa lake. Kisheria angekuwa sahihi kabisa. Kwa dhamiri ya Agu lingekuwa jibu la swali ambalo hakuuliza.

Hapa ndipo tunapotaka msomaji asimame nasi kidogo, maana jambo hili huleta ubishi hata miongoni mwa wachungaji. Tunaposema kwamba mtoto huyu ana jambo la kuungama, je, hatumtwishi mzigo ambao sheria imepigania miaka thelathini kumtua? Hapana, ikiwa tutatofautisha vizuri. Mahakama inauliza nani aadhibiwe, na jibu lake lazima libaki: si mtoto. Dhamiri inauliza nani atanitazama baada ya hili, na swali hilo halifutwi kwa kuambiwa kwamba hutaadhibiwa. Msamaha una sharti moja gumu, nalo ni kuwapo kwa kitu cha kusamehe. Ukimwambia mtu kwamba hakuna kilichotokea mikononi mwake, umemfungia mlango uleule uliotaka kumfungulia. Ataondoka na damu yake, akijua sasa kwamba hata watu wema hawataki kuiona.

Tahadhari moja ni ya lazima. Sisi Walutheri tuna usemi tunaoupenda, kwamba mwamini ni mwenye haki na mwenye dhambi kwa pamoja. Ni usemi wa kweli. Lakini ukitamkwa haraka mbele ya mtoto kama Agu unakuwa chokaa ya kupaka ukuta: sote ni wenye dhambi, basi Kamanda na Agu wanalingana, na Kamanda anaponyoka katikati ya kundi. Hawalingani. Na methali yetu ya wapiganapo tembo haitusaidii pia, kwa sababu katika vita hivi nyasi zenyewe zimefundishwa kukanyaga. Inahitajika kazi inayoweza kushika mizani hizo mbili bila kutetereka. Tumeikuta mahali ambapo hatukutarajia, katika hukumu ya mahakama.

Dominic Ongwen alitekwa na LRA karibu mwaka 1987, akiwa na umri wa miaka tisa hivi, njiani kwenda shule. Alikulia msituni, akapanda vyeo hadi kuwa kamanda wa brigedi. Alijisalimisha Januari 2015, na kesi yake ilianza The Hague tarehe 6 Desemba 2016. Tarehe 4 Februari 2021 alikutwa na hatia ya makosa 61, yakiwamo mashambulizi dhidi ya kambi za wakimbizi wa ndani za Pajule, Odek, Lukodi na Abok, utumwa, ndoa za kulazimishwa na mimba za kulazimishwa. Ndani ya orodha hiyo limo kosa la kuandikisha na kutumia watoto wa chini ya miaka 15. Alitenda kwa wengine kile alichotendewa. Mei 2021 alihukumiwa miaka 25. Rufaa yake ilikataliwa Desemba 2022.

Hukumu hiyo ina kurasa zaidi ya 1,000, na haisomeki kama riwaya. Hata hivyo tunaiona kuwa kazi ya maandishi inayostahili kuhakikiwa. Upande wa utetezi ulisema kwamba Ongwen hakuwahi kutoka katika utoto ule uliotekwa, kwamba akili yake ilivunjika na kwamba aliishi chini ya tishio la kifo. Majaji walisikiliza, wakapima ushahidi, wakakataa: mtu mzima huyu alipanga, aliamuru, alichagua. Kisha, walipofika kwenye adhabu, walikataa pia kifungo cha maisha, kwa sababu aliyesimama mbele yao alikuwa mtoto aliyeibwa kabla ya kuwa mtesi. Kauli zote mbili zimeachwa zisimame. Utekwaji haukufuta kosa, na kosa halikufuta utekwaji. Kwa wanatheolojia waliozoea kuhubiri jambo hili kwa dakika tano, ni somo la unyenyekevu kuona mahakama ikilifanyia kazi kwa miaka mitano.

Lakini hukumu nayo ina mpaka wake. Mamlaka ya mahakama hiyo yanaanzia tarehe 1 Julai 2002. Uovu aliotendewa mvulana wa Kiacholi mwaka 1987 uko nje ya mlango wake. Mahakama iliutambua, ikaupunguzia adhabu, lakini haikuweza kumhukumu yeyote kwa huo. Tena, sheria inahitaji siku ambayo mhanga anageuka mtuhumiwa, na siku hiyo ni siku ya kuzaliwa ya kumi na nane. Msituni hakuna kengele inayogongwa siku hiyo. Hatuilaumu sheria kwa kuweka mstari. Bila mstari hakuna haki. Tunasema tu kwamba mtu anavuka mstari huo akiwa na dhamiri ileile. Na mahakama, hata ikiwa na haki kiasi gani, haina neno la kumwambia mtu kwamba amesamehewa.

Nani ana neno hilo? Wazee wa Kiacholi waliwahi kulitafuta kabla ya wanasheria kufika. Mtoto aliyerudi kutoka msituni alipokelewa kwa tendo la nyono tong gweno: anakanyaga yai bichi mlangoni pa nyumbani, anavuka tawi na mti wa kufungulia ghala, anaingia. Hakuulizwa alifanya nini. Mbali na hilo kuna mato oput, ambalo hufanyika kati ya koo mbili baada ya mauaji. Hapo ukweli lazima usemwe, fidia ilipwe, ndipo pande mbili zinywe pamoja kinywaji kichungu cha mzizi wa oput. Hatusemi kwamba desturi hizi zilitosha kwa vita vya ukubwa ule. Wapo wahanga waliosema kwamba hazikuwatosha. Tunachotaka kionekane ni mpangilio wake. Kwanza mlango, halafu ukweli. Kurudi nyumbani hakukuwa zawadi ya kuungama. Kulikuwa ndiko kunakowezesha kuungama.

Msomaji wa Luka 15 ataitambua njia hiyo. Mwana mpotevu alikuwa ametunga hotuba yake ya toba barabarani, na baba akamkimbilia na kumwangukia shingoni kabla hajaanza kuisema. Hotuba ilisemwa, lakini kifuani mwa baba, na haikumalizika. Hii si huruma iliyo rahisi. Askofu Macleod Baker Ochola wa Kanisa la Anglikana, aliyempoteza mkewe kwa bomu la kutegwa ardhini mwaka 1997, alikuwa miongoni mwa viongozi wa dini wa Kiacholi waliodai sheria ya msamaha, ambayo Uganda iliipitisha mwaka 2000. Hatukubaliani na kila alichosema kuhusu mahakama ya The Hague. Lakini mtu wa namna hiyo anapozungumza juu ya mlango ulio wazi, hazungumzi kwa sababu hajui gharama yake.

Kutoka hapa tunapaswa kugeuza uhakiki uangalie nyumbani kwetu, kwa sababu kanisa nalo ni msimulizi. Tuna aina yetu ya hadithi, nayo ni ushuhuda. Kijana anasimamishwa mbele ya usharika, anapewa kipaza sauti, anasimulia alivyoua na jinsi Yesu alivyomwokoa, na watu wanapiga vigelegele. Ushuhuda wa hiari ni karama, hatuupingi. Lakini kumpandisha mtoto madhabahuni asimulie mauaji yake ni kumrudisha kwenye filamu. Anajifunza haraka sehemu zipi zinawaliza watu, na hadithi inakuwa si yake tena. Isitoshe, kuna mama katika benchi la tatu ambaye mwanawe aliuawa na kundi lile, na hakuna aliyemwuliza kama yuko tayari kusikia.

Mapokeo yetu wenyewe yana njia iliyo bora. Ungamo la Augsburg, katika kifungu cha 11, linataka ondoleo la dhambi la faragha lidumishwe makanisani, na papo hapo linasema si lazima mtu aorodheshe makosa yote. Katekisimo Ndogo ya Luther inafundisha kwamba mbele ya Mungu tunajitambua kuwa na hatia hata ya yale tusiyoyajua, lakini mbele ya mchungaji tunataja yale tu tunayoyajua na yanayotuchoma moyoni. Maneno haya hukaririwa darasa la kipaimara na kusahaulika. Kwa kijana aliyetoka vitani yana uhai. Hayamlazimishi kusimulia usiku ambao hawezi kuusimulia. Hayamwambii kwamba hakuna kitu. Yanampa mtu mmoja aliyefungwa na kiapo cha kutunza siri, mkono juu ya kichwa, na neno ambalo halitoki kwa mchungaji. Hilo ndilo Agu alilolikosa katika ukurasa wa mwisho, ingawa kasisi alikuwapo.

Kuna kundi moja ambalo kazi zote tulizozitaja, isipokuwa hukumu ya Ongwen, zinaliacha pembeni: wasichana. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Oktoba 1996, LRA iliwateka wasichana 139 kutoka shule ya Mtakatifu Maria, Aboke. Mtawa wa Kiitalia, Sista Rachele Fassera, aliwafuata msituni pamoja na mwalimu mmoja, akasihi, akarudi na wasichana 109. Wasichana 30 walibakizwa. Wengi wa waliobaki walirudi baada ya miaka, baadhi wakiwa na watoto mgongoni. Wengine hawakurudi kamwe. Programu nyingi za kupokonya silaha zilimtambua askari kwa bunduki aliyoikabidhi, na msichana aliyepewa kamanda kama mke hakuwa na bunduki ya kukabidhi. Akarudi kijijini kimyakimya, na mwanawe akaitwa mtoto wa msituni, asiye na ukoo wa kumpa shamba. Kwa msichana huyo neno la msamaha si la kwanza. La kwanza ni haki, na jina la mwanawe katika daftari la ubatizo, lililoandikwa kama majina mengine yote, bila alama pembeni.

Watoto bado wanaandikishwa. Ituri na Kivu hazijatulia, na Kony hajakamatwa. Juhudi za kukomesha jambo hili zinahitaji mikataba, mahakama, shule zenye ulinzi, na vijana wenye kazi. Makanisa yaseme juu ya hayo bila woga. Lakini kila makubaliano ya amani yakifaulu humleta mtu mlangoni, na mlangoni hapo mahakama hazipo, waongozaji wa filamu hawapo. Yuko mchungaji, wapo wazee wa usharika, na yupo yule mama wa benchi la tatu.

Mama huyo tusimsahau, maana Luka 15 haiishii kwenye karamu. Ndugu mkubwa yuko nje, amekasirika, na ana sababu. Baba hakumkaripia wala hakumfungia nje. Alitoka akamfuata hukohuko aliko, akamsihi, na Luka hatuambii kama aliingia. Kwa hiyo mchungaji aliyempokea kijana ana safari ya pili siku hiyohiyo: aende kwa mama yule, nyumbani kwake, aketi, amsikilize juu ya mwanawe aliyeuawa, na asimharakishe kusamehe.